Waini ya Ndizi Kutoka Banda la Mzee Marwa

Wadogo zangu mlioingia kikundini mwaka huu, kwanza acheni kuniamkia shikamoo mara tatu kwa asubuhi moja. Nina miaka thelathini na nne tu. Najua nimestaafu, na mtu akishastaafu mnamwona bibi, lakini mimi bado naota ndoto za msichana. Juzi nimepanda miche miwili ya zabibu nyuma ya jiko langu, hapa hapa Tarime, na kila anayepita anacheka. Acha wacheke. Waini ya ndizi nayo waliicheka.

Nimeacha mapipa kwa sababu ya kifua. Ule unga mweupe wa kusafishia mapipa, wenye harufu ya kiberiti, nilikuwa naukoroga dirisha limefungwa, miaka mingi, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilijiona mwamba. Daktari akaniambia nichague, mapipa au mapafu. Kwa hiyo la kwanza ninalowaachia ni hili: fungueni madirisha yote mawili kabla hamjagusa kopo la ule unga. Mkisahau mengine yote niliyoandika humu, hilo msisahau.

Mama Wankuru ndiye aliyeniomba niandike. Alisema, "Rhobi, wewe uliishia kidato cha pili, mimi sikuishia popote. Waandikie watoto. Mimi nikiwaambia nitaishia kuwapigia kelele." Basi mwandiko wangu mtauvumilia.

Nilikuwa nauza ndizi mbivu sokoni Tarime mjini. Siku moja akaja mama mmoja mrefu, kitenge kimefungwa juu ya kitenge, akasimama mbele ya mikungu yangu bila kushika kitu. Akauliza, "Hizi zitaiva lini?" Nikainama nikanusa. Nikamwambia, "Hizi kesho mchana, mama. Zile keshokutwa. Na hizi za chini zimeshaanza kulewa, usizichukue." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Umenusa tu?" Nikamwambia nimenusa tu. Akasema, "Njoo kwangu kesho. Pua kama hiyo haiuzi ndizi."

Huyo ndiye Mama Wankuru. Alikuwa mpishi wa amarwa, ile pombe yetu ya nafaka wanayokunywa wazee kwa mirija mirefu, wamezunguka chungu kimoja. Kijiji chote kilijua amarwa ya Wankuru. Lakini yeye alikuwa na wazo lingine. Alikuwa ameona ndizi zikiozea shambani kila msimu, akasikia kwa dada mmoja aliyesoma semina huko Arusha kwamba ndizi zinatoa waini. Sio pombe ya siku tatu, jamani. Waini ya kukaa kwenye chupa mwaka mzima, ya kuwekwa mezani pamoja na ile ya zabibu za Dodoma.

Akawakusanya wanawake, wakawa saba pamoja naye. Mimi nikawa wa nane na mdogo kuliko wote. Tatizo likawa nyumba. Waini inataka chumba chenye kivuli, kisichobadilika badilika joto. Nyumba ya namna hiyo pale kwake ilikuwa moja tu, banda la mawe alilojenga mumewe, Mzee Marwa, kwa ajili ya ng'ombe wake wanne wa maziwa.

Nilikuwepo siku alipoliomba. Mzee alimwangalia mke wake, akawaangalia ng'ombe. Kisha akasema, "Nawaazima. Siku wakubwa wa huko Dodoma wakikubali kwamba hiki mnachopika ni waini, banda ni lenu. Wakikataa, ng'ombe wangu wanarudi chumbani kwao. Sitasikia neno."

Huko Dodoma kulikuwa na maonyesho ya watengeneza waini wa nchi nzima. Waamuzi wanaonja, wanaandika orodha, na mahoteli na kambi za watalii zinachagua kutoka kwenye orodha ile. Usipokuwemo, wewe ni mpika pombe kama wengine. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulijua tunachotafuta, na tulijua tukikosa, tunahama. Na tusingesahau hata tungetaka, maana ng'ombe walijengewa kibanda cha miti na mabati kuukuu pale pale mlangoni kwetu, na kila asubuhi ya mvua Mzee Marwa alipita akawaambia kwa sauti, ili tusikie, "Poleni wanangu."

Sasa niwaambie tulivyoanza kwa aibu.

Mwaka wa kwanza tulimenya ndizi, tukaponda, tukachemsha, tukachuja kwa kitambaa cha shuka, tukatia sukari na ndimu na hamira. Hamira gani? Ya mandazi! Nani alijua kuna hamira ya waini peke yake? Tukamimina kwenye mapipa. Baada ya wiki tatu povu likatulia, nikasema tayari. Mama Wankuru akaweka sikio kwenye pipa, hivi, kama anayesikiliza tumbo la mjamzito. Akasema, "Bado linaongea."

Mimi nikamwambia, "Mama, povu limeisha, angalia."

"Sikuangalia. Nimesikiliza."

Alipokwenda msibani siku mbili, nikajaza chupa. Chupa za bia nilizookota na kuosha, arobaini, nikazigongea vizibo vya bati, nikazipanga ukutani nikafurahi. Nikajisemea atarudi akute kazi imekwisha.

Jumapili ile, watu wanatoka kanisani, jua kali la saa saba, chupa ya kwanza ikapasuka. Pwaa! Ya pili. Ya tatu, ya nne kwa pamoja. Sasa fikirini nyinyi wenyewe mnavyotufahamu huku kwetu. Milio kama bunduki, inatoka wapi? Kwenye banda la ng'ombe! Mama mmoja njiani akapiga yowe, "Ng'ombe wanaibiwa! Kwa Marwa!" Dakika haikuisha. Wanaume walikuja na mapanga, na mishale, na marungu, mmoja bado ameshika Biblia mkono wa kushoto. Wakazingira banda. Mmoja akapaza sauti, "Tokeni nje, mura, tumewazunguka!"

Nikatoka mimi. Nimelowa kuanzia kichwani, vipande vya ndizi kwenye nywele, mikono juu.

Wakaniangalia. Mzee mmoja akainua pua akanusa. Akashusha upinde taratibu. Akauliza, "Binti, wezi wamebakiza ngapi?"

Mpaka leo nikipita, wazee wale wananiita Bunduki. Kumi na moja zilisalimika, na walizinywa wao kama malipo ya kukimbia. Mama Wankuru aliporudi hakunigombeza. Alifagia vioo na mimi, na alipomaliza akanishika kichwa akakisogeza mpaka kwenye pipa lililobaki. Akasema sikiliza. Nikasikia tsi, tsi, tsi, mbali sana, kama sisimizi wanasengenyana. Nikalia. Sijui kwa nini nililia, mimi machozi yangu yako karibu.

Siku hizi mna kile kipimo cha kioo kinachoelea, kinawaonyesha sukari imebaki kiasi gani. Kitumieni kila siku na mwandike kwenye daftari. Mimi ndiye niliyekileta, na tulipigana nacho miezi. Mama Wankuru alikiita kijiti cha Rhobi. Anaweka sikio, anasema "siku nne," mimi nazamisha kijiti, nakokotoa kwenye karatasi nusu saa, napata siku nne. Matinde, mwenzetu mwenye mdomo, akawa anauliza, "Sasa nani amemfundisha nani, kijiti au sikio?" Lakini msimu wa mvua nyingi, mabati yanapiga kelele mchana kutwa, sikio halikusikia kitu. Mama Wankuru akaja mwenyewe, hanitazami usoni, akasema, "Hebu kaulize kile kijiti chako." Siku hiyo nilijiona nimepata digrii. Kwa hiyo tumieni vyote viwili, wadogo zangu. Kimoja kikilala kingine kiko macho.

Na mapipa. Pipa lolote ambalo hujui lilikuwa na nini mwanzo, usilinunue hata kama linang'aa. Mimi nilileta moja la buluu kutoka mnadani, safi kama sahani. Mama Wankuru akaingiza kichwa, akatoa kichwa. "Lilikuwa na nini?" Sijui. "Aliyekuuzia anajua?" Hajui. Akachukua panga akalitoboa matundu matano, mimi nalia kama nimefiwa. Alisema hata maji ya kunywa mtu asije akaweka humo.

Mwaka wa tatu tukaenda Dodoma. Mimi na Mama Wankuru, basi mpaka Mwanza, kisha basi lingine, chupa tumezipakata kama watoto wachanga. Tukafika mapokezi. Kijana mwenye kitambulisho shingoni akauliza waini ya zabibu gani. Nikamwambia ya ndizi. Akasema, "Aa, ndizi! Meza yenu ile pale, mama," akatuonyesha meza ya sabuni na mikeka.

Tulikaa siku mbili katikati ya sabuni. Hakuna mwamuzi aliyefika. Watu walituuliza bei ya mikeka.

Aliyekuja kununua mkeka kweli alikuwa mama mmoja wa Kigogo, mfupi, sauti kubwa, anaitwa Mama Matika. Ana mashamba yake ya zabibu na waini yenye jina lake, na alituambia alipoanza, shemeji zake walimkataza hata kushika mkasi wa kupogolea. Akaonja yetu kwa udadisi tu. Akaonja tena. Akageuka, "Nani kawaweka hapa?"

Mama Wankuru akasema, "Sisi ni wa ndizi."

"Ndizi ni tunda au ni kiti?" akafoka, utadhani sisi ndio tuliojiweka pale. Halafu akainua glasi kwenye mwanga, uso ukabadilika. "Lakini nyinyi nanyi! Ladha nzuri, na rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Mnaihamisha mara ngapi?"

Tukamwambia mara moja. Akaketi pale pale kwenye mkeka wake mpya akatufundisha mpaka jioni. Kuihamisha kwa mpira kutoka pipa hadi pipa, mara tatu, mara nne, mashapo yabaki chini, na usiwe na tamaa ya kuvuta mpaka tone la mwisho. Kusubiri. Hamira ya kweli akatupa pakiti sita. Wakati wa kuagana akasema, "Mwakani mje. Nitawasemea. Lakini mkija na tope, nitakuwa wa kwanza kuwarudisha kwenye sabuni."

Nyumbani Mzee Marwa alitusubiri mlangoni pa banda. Alishajua, maana tulikuwa tumenyong'onyea. Mama Wankuru, ambaye sijawahi kumsikia akiomba kitu mara mbili, aliomba mara mbili. Mzee akakuna kidevu. "Mwaka mmoja," akasema. "Mmoja. Ng'ombe wenyewe wameanza kuniuliza."

Mwaka ule tulifanya kazi kama wendawazimu. Tulikaa kimya hata kuimba tuliacha, Matinde alisema tumekuwa kama watawa. Na waini ikaanza kung'aa. Mara ya nne tulipoihamisha, Mama Wankuru aliweka chupa dirishani, jua la asubuhi likapita ndani yake, ukutani ikatokea rangi ya asali. Tulisimama wanawake wanane tunaangalia ukuta.

Tukarudi Dodoma. Mama Matika alishapigana vita yake, tukakuta karatasi yenye jina letu kwenye meza ya waini, mwishoni kabisa, karibu na mlango, lakini ni meza ya waini. Utaratibu ulikuwa hivi: kila mtengenezaji anawamiminia waamuzi mwenyewe, na unaruhusiwa chupa mbili tu, ya kuonja na ya akiba. Waamuzi walikuwa wanne, mkuu wao mwanamke wa makamo mwenye miwani, hacheki.

Wakafika kwetu. Nikafungua chupa ya kwanza. Nikamimina kwenye glasi ya mkuu wa waamuzi, na kabla sijajua ninafanya nini, nikaiinua nikanywa mimi.

Ukumbi ukacheka. Yule kijana wa mapokezi akajishika kichwa. Lakini nyinyi mnajua. Kwetu huwezi kumpa mgeni pombe ambayo hujaionja mbele yake. Unakunywa kwanza, aone haina sumu, aone unaiamini kazi ya mikono yako. Nimewamiminia wazee amarwa tangu nikiwa mtoto, mkono ulikwenda wenyewe.

Kicheko kikawa mbali, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umeganda. Nyuma kabisa, kidogo sana, siki.

Nikaijua chupa ile hapo hapo. Ilikuwa na lebo nzuri kuliko zote, imebandikwa bila mkunjo, kwa hiyo miezi mitano niliisimamisha juu ya rafu ili wageni waione. Nyingine zote zimelala. Chupa yenye kizibo cha gome ikisimama muda mrefu, kizibo kinakauka, hewa inapenya, waini inageuka. Mama Matika alishatuambia. Mimi nilitaka urembo.

Sasa fanyeni hesabu niliyoifanya mimi pale, waamuzi wananitazama. Nikinyamaza, labda watatu kati ya wanne hawataigundua. Nikisema, nimeikataa waini yetu mwenyewe mbele ya nchi nzima, na imebaki chupa moja tu, ambayo nayo sijui ikoje. Na kule nyumbani banda, na wanawake sita, na ng'ombe wanne wanasubiri. Nikageuka kumwangalia Mama Wankuru. Hakuonja, lakini aliona uso wangu. Akainamisha kichwa kidogo tu, kwamba sema.

Nikasema, "Naomba msinywe hii. Imeharibika."

Mkuu wa waamuzi akavua miwani. "Mnaikataa waini yenu wenyewe?"

Mama Wankuru akasogea mbele. "Tunaikataa chupa, mama. Waini hatujaikataa."

Akachukua ya akiba mwenyewe. Akavuta kizibo, akamimina kwenye glasi ile ile baada ya kuisuuza, akanywa. Akafumba macho. Alipofumbua, alimgeuzia glasi nyingine mkuu wa waamuzi, akammiminia, akasema kwa sauti ile ya nyumbani kabisa, "Karibu, mgeni wangu. Kunywa bila wasiwasi."

Yule mama alionja. Akatema kwenye ndoo yao, kama wanavyofanya. Halafu akaonja tena, na hiyo ya pili hakuitema. Wenzake wakatazamana. Akaandika muda mrefu. Kisha akageuka kwenye meza zilizokwisha kupitiwa, za watu wakubwa wenye suti, akauliza, "Na nyinyi, nani kati yenu ameonja yake leo asubuhi?" Hakuna mkono uliopanda.

Saa kumi wakasoma orodha. Sisi tulikuwa tumeshajiandaa kusikia mwishoni au kutosikia kabisa, kwa hiyo waliposoma "waini ya ndizi, Tarime, daraja la kwanza," tulikaa tu. Mama Matika ndiye aliyepiga vigelegele, ndiye aliyenivuta nikasimama, akacheza pale katikati mabega yanakwenda peke yake, na Mama Wankuru, ambaye mguu wake mmoja ni mbovu, akaruka. Nasema akaruka, kama mwali. Siku ile nilimwona alivyokuwa akiwa na miaka kumi na minane.

Kambi ya watalii ya kwanza kuagiza ilikuwa upande wa Natta, na msichana anayehudumu pale huwaambia wageni waini hii ni ya mama zake, ingawa hata si ndugu yetu. Mwacheni aseme.

Lakini ninalotaka mlijue kabla sijaweka kalamu chini ni lile lililotokea wiki moja baada ya Dodoma. Mzee Marwa alivaa koti lake la kanisani siku ya Jumanne, akatwambia mimi na mkewe tumfuate. Tukaenda mpaka ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mzee akasema amekuja kuandikisha banda na kiwanja chake. Mtendaji akachukua karatasi, akaandika, akafika mahali akauliza, "Jina la mmiliki?"

"Wankuru."

Kalamu ikasimama. Mtendaji akamtazama mzee, akamtazama mama. Kwetu mnajua, kiwanja hakiandikwi hivyo. "Niandike Wankuru mke wa Marwa?"

"Andika Wankuru mtengeneza waini," akasema Mzee Marwa. "Mke wa Marwa ni habari ya nyumbani kwangu."

Mtendaji akaandika, akapiga muhuri, akasoma kwa sauti alichoandika. Mama Wankuru alikuwa amesimama karibu na mlango muda wote, kama tunavyosimama wanawake kwenye ofisi zile. Akaja mbele, akavuta kiti, akakaa, akapanga vitenge vyake juu ya magoti. Akamwambia mtendaji asome tena, taratibu, kuanzia mwanzo.